Barua ya Geneva ni tamu, lakini nani atalipa kodi?

Unasomea uhusiano wa kimataifa na ndoto yako ni kuketi siku moja nyuma ya kibao cha Kenya katika ukumbi wa Umoja wa Mataifa. Poa sana. Uanagenzi ng'ambo ni njia moja ya kuanza safari hiyo. Lakini kabla hujaweka picha ya barua ya kukubaliwa kwenye 'status', jiulize: nani analipa?

Ukweli usemwe. Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa hailipi wanagenzi wake. Tiketi ya ndege, viza, bima, chumba na chakula ni juu yako, kwa miezi miwili hadi sita. Mwaka wa 2015, David Hyde, kijana kutoka New Zealand aliyekuwa mwanagenzi wa UN jijini Geneva, aligonga vichwa vya habari kwa kulala kwenye hema kando ya ziwa. Baadaye alieleza kuwa alitaka pia kuanika mpango unaowafaa tu wenye pesa. Basi kama mtoto wa nchi tajiri alilia, wewe wa kutegemea HELB utafanyaje?

Kwanza, piga hesabu yote kwenye karatasi: kodi ya miezi yote, nauli ya kila siku, bima, na akiba ya dharura. Usikubali mzee auze ng'ombe, ama ukoo uanze kuchanga kwenye WhatsApp, kabla hujaona jumla. Uliza pia kuhusu marupurupu, maana mashirika hayafanani. Shirika la Afya Duniani, kwa mfano, lilianza kuwalipa wanagenzi wake posho mwaka wa 2020. Bisha pia mlango wa chuo chako uulize kama kuna ufadhili wa safari.

Pili, fikiria Addis Ababa. Makao makuu ya Umoja wa Afrika yako huko, Mkenya hahitaji viza kuingia Ethiopia, na safari ni fupi. Hata saa zao hutakosea, kwani wao pia huhesabu kuanzia alfajiri kama sisi kwa Kiswahili. Kalenda ndiyo itakusumbua: ina miezi 13.

Tatu, ongeza lugha. UN ina lugha sita rasmi: Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, Kichina, Kirusi na Kihispania. Umoja wa Afrika uliikubali Kiswahili kuwa lugha ya kazi mwaka wa 2022, kwa hivyo usione haya kuiandika kwenye wasifu wako. Lakini usiishie hapo. Februari 2025 hayati Raila Odinga alipowania uenyekiti wa Tume ya Umoja huo, aliyeshinda ni Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti, anayezungumza Kifaransa, Kiarabu na Kiingereza. Lugha pekee haikuamua kura hiyo, lakini bara hili lina nchi nyingi ambazo Kiingereza hakikufikishi mbali. Anza Kifaransa leo, usingoje barua.

Nne, shughulikia makaratasi mapema. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe imebakisha angalau miezi sita. Ukienda Uswisi kwa zaidi ya siku 90, viza ya kawaida ya Schengen haitoshi. Kuna nyingine ya muda mrefu, na hiyo huchukua wakati. Na ukiambiwa utume pesa kidogo kwa M-Pesa ili jina lako lipite, huyo ni tapeli. UN haitozi ada yoyote katika hatua yoyote ya kuajiri. Nafasi zake hutangazwa kwenye tovuti yake ya ajira, si kwa jumbe za usiku.

Na hesabu ikikataa je? Andika barua ya heshima, uombe tarehe isogezwe au ufanye sehemu ya kazi ukiwa nyumbani. Wakikataa, tuma maombi Gigiri, kwenye makao makuu ya UNEP na UN-Habitat, mahali unapofika kwa matatu na kurudi kulala kwenu. Kazi utakayojifunza huko haina upungufu. Geneva haihami, na ukiifikia ukiwa na uzoefu, Kifaransa na akiba, hutalala hemani.