Bomba la moshi la pikipiki limeoza: tulitupe ao tulitengeneze?

Wengi wetu tulisoma kwa pesa ya pikipiki, hata kama hatupendi kusema. Mimi nilimaliza masomo kwa ile TVS Star ya zamani ambayo mdogo wangu anaendesha hapa Goma, na sasa njo inalipia dada yetu wa mwisho. Kwa hiyo siku ilipoanza kunguruma kama mashini ya kusaga, na kutoa milio ya "pa! pa!" kila anapoachilia gazi kwenye mteremko, nyumba nzima ilikosa usingizi.

Ile milio maana yake nini? Hewa ya nje inaingia kwa tundu, inakutana na esansi ambayo haikuungua yote, inalipuka ndani ya bomba. Ukiona na masizi meusi karibu na tundu, usitafute mbali.

Watu wanafikiri kutu inatoka nje tu. Ni kweli, kwetu mvua ikipita katika moshi wa Nyiragongo inakuwa na asidi, mabati yetu yanajua. Lakini adui mwingine iko ndani. Esansi ikiungua inatoa mvuke wa maji: litre moja inazaa karibu litre moja ya maji. Bomba likipata joto vizuri, mvuke unatoka wote. Motari wa safari fupi fupi, anayefika Birere na kuzima, maji yanabaki chini ya bomba na kulila polepole.

Kwenye kufungua njo tulitaka kuharibu. Nati mbili zinazoshika bomba kwa silinda zilikuwa zimekamatwa na kutu, na mdogo wangu alitaka kupanda juu ya ufunguo kwa mguu. Nilikataa. Bolti ikivunjikia ndani ya kichwa cha silinda, kazi ya kiraka inageuka kazi ya kufungua mashini. Tulipaka mafuta ya kulegeza kutu, tukaacha usiku mzima, asubuhi tukazungusha kidogo kidogo, mbele na nyuma. Zilitoka.

Kisha gonga bomba kwa mpini wa turnevisi. Mahali pazima panalia, palipooza hapana sauti. Sukuma ncha hapo: ikipenya, kata mpaka ufikie chuma kizima, kwa sababu kiraka juu ya kutu hakimalizi mwezi. Kama ndani kunacheza vipande vilivyokatika, nunua lingine tu. Letu lilikuwa na matundu mawili chini, basi tukatengeneza.

Kwa sudere mdogo wangu alifika na kipande cha bati la nyumba. Hapana! Lile bati limepakwa zinki, na moshi wake ukichomwa unaleta homa na kutetemeka. Tulitumia kipande cha chuma cheusi cha milimita 1.5. Fimbo nyembamba, umeme kidogo, nukta kwa nukta, kwa maana chuma chembamba kinayeyuka haraka. Na bomba lichomelewe likiwa limetolewa kwenye pikipiki, mbali na tanki ya esansi. Wale wanaochomelea papo hapo, mie nakaa mbali.

Kurudisha si ngumu: jointi mpya, nati unakaza moja kisha nyingine, kidogo kidogo, na unakaza tena pikipiki ikishapata joto na kupoa. Rangi iwe ya kuvumilia joto. Zibua pia lile tundu dogo la chini, kama liko, maji yapate njia.

Sasa kosa langu. Mbele ya matengenezo, mvua ilinyesha, tukaingiza pikipiki sebuleni na kuwasha tusikilize moshi unatokea wapi. Mlango tulifunga. Dakika chache, mama aliyekuwa chumbani akaanza kuumwa kichwa na kutaka kutapika. Monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi, na inachukua nafasi ya oksijeni ndani ya damu. Tulimtoa nje mbio mbio, tukamfikisha kituo cha afya, akalala pale mpaka jioni. Alipofungua macho vizuri aliuliza kama pikipiki imepona.

Siku hizi tunawasha barabarani, hata mvua ikinyesha.