Laini ya simu kwa mgeni wa Ujerumani

Kununua laini Ujerumani ni rahisi. Kazi iko kwenye kuisajili. Laini za kulipia kabla zinauzwa hadi kwenye supamaketi, Aldi na Lidl wana zao, na bei zake zinavumilika. Ila tangu Julai 2017 laini haiwashwi mpaka mnunuzi athibitishwe kwa kitambulisho. Mtanzania aliyezoea kusajili kwa alama za vidole hatashangaa. Atakachoshangaa ni kwamba laini ya supamaketi mara nyingi husajiliwa kwa simu ya video: unamwonyesha mhudumu pasipoti, unaiinamisha huku na huku mbele ya kamera mpaka alama za usalama zing'ae, na si kila pasipoti ya kigeni inakubaliwa. Tena simu hiyo inataka intaneti, ambayo ndiyo hasa unayoihangaikia! Anayekwenda kwa wiki moja au mbili namshauri anunue eSIM ya data kabla ya kuondoka nyumbani, kama simu yake inaikubali. La sivyo, aende na pasipoti kwenye duka la kampuni ya simu asajiliwe ana kwa ana.

Ukishaunganishwa, laini hiyo utaitumia Paris au Vienna bila kutozwa zaidi, kwani Umoja wa Ulaya uliondoa tozo hizo Juni 2017. Mtego ni Uswisi. Viza ya Schengen inakuingiza huko, lakini Uswisi si mwanachama wa Umoja, na si kampuni zote za Ujerumani zinazoijumuisha kwenye vifurushi vyao. Ukiwa Konstanz, mji wa Ujerumani uliopakana na Kreuzlingen ya Uswisi, simu inaweza kudaka mnara wa ng'ambo wakati wewe umekaa zako unakunywa kahawa. Ukifika mjini hapo, ingia kwenye mipangilio, uchague mtandao mwenyewe.

Ukiwa na data, habari za Kiswahili nazo hazina shida. Idhaa ya Kiswahili ya DW, iliyoanza mwaka 1963, hutangaza kutoka Bonn na inasikika mtandaoni.

Laini yako ya nyumbani usiitoe. Zima data yake tu, maana namba za uthibitisho za benki huja kwa SMS. Kwa dharura piga 112, bure hata kama huna salio. Ila kwa Ujerumani kuna sharti: tangu 2009, simu isiyo na laini inayofanya kazi haiwezi kupiga namba hiyo.