Alama za HTML na Jina la Lugha Yetu

Ukurasa wa wavuti huandikwa kwa HTML, lugha ya alama aliyoibuni Tim Berners-Lee huko Geneva mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazi ya alama hizo si kupamba maandishi, bali kuieleza kompyuta kila sehemu ni kitu gani: h1 ni kichwa kikuu, p ni aya, a ni kiungo. Alama ya kufungua hutangulia maneno; ya kufunga, yenye mkwaju, huyafuata:

<p lang="sw">Kisangani iko kando ya Mto Kongo.</p>

Neno lang, lililoingizwa katika HTML 4.0 mwaka 1997, hutaja lugha ya matini. Likikosekana, programu inayomsomea asiyeona huweza kutamka Kiswahili kwa sauti za Kifaransa, neno chakula likasikika kama shakula.

Msimbo sw ni wa Kiswahili kwa jumla, na swc ni wa Kiswahili cha Kongo. Hapa Kisangani, ambako Kiswahili, Kilingala (ln) na Kifaransa (fr) huweza kukutana katika ukurasa mmoja, hapana budi mwandishi aitaje kila lugha pahali pake. Tusipoitaja lugha yetu wenyewe, mashine itaikisia, na huenda ikakosea.