Ile dawa ya CT scan inayokupa joto mwili mzima: zamani ilikuwa inachoma

Kama umewahi kupiga CT scan ya "na dawa", hii unaijua. Nesi anakuwekea kanula mkononi, unalala, kitanda kinaanza kusogea, halafu ghafla joto linatoka kooni linashuka hadi chini. Wengi wanaapa wamejikojolea. Hujajikojolea, ni dawa imeingia kwenye damu tu.

Sasa, hilo joto ni afadhali sana. Wagonjwa wa miaka ya 1960 walikuwa wanasikia moto kabisa, hasa dawa ikipitishwa kwenye mishipa ya miguu. Kutoka moto ule hadi joto hili, kazi kubwa ilikuwa kuitengeneza molekuli moja ikubali kuyeyuka bila kuharibika.

Kwanza, dawa yenyewe ni ya nini? Mashine inayotumia eksirei haioni vizuri tofauti kati ya damu na nyama. Inahitaji kitu kizito ndani ya mishipa cha kuzuia mionzi ili mishipa itokee nyeupe kwenye picha. Kitu hicho ni iodini, madini joto yale yale yanayotiwa kwenye chumvi ya mezani. Ila hapa hayaingii yenyewe. Yanafungwa matatu matatu kwenye molekuli moja.

Dawa za zamani zilikuwa chumvi, kwa maana ya kikemia. Uzuri wa chumvi ni kwamba inayeyuka bila matatizo. Ubaya wake, ikiyeyuka inagawanyika vipande viwili. Kwa hiyo kila iodini 3 zinakuja na chembe 2 kwenye damu, na mgonjwa anapewa dawa nyingi kwa mpigo. Damu yako ina kipimo cha chembe karibu 290. Dawa zile zilikuwa zinafika 1,500, nyingine zaidi.

Ukitaka kuelewa kinachotokea hapo, kumbuka unavyotengeneza kachumbari. Ukinyunyizia vitunguu chumvi na kuvikanda, vinatoa maji na kulegea. Seli za damu na kuta za mishipa nazo zilikuwa zinanyang'anywa maji hivyo hivyo. Ndiyo maumivu yenyewe.

Aliyeliona hilo ni daktari wa radiolojia wa Sweden, Torsten Almén. Inasimuliwa kwamba alilipata wazo baharini: akiogelea macho wazi kwenye Baltic, ambako maji hayana chumvi nyingi, macho hayamuumi, lakini pwani ya magharibi ya Sweden yanawasha. Akajiuliza, je, kinachowaumiza wagonjwa si iodini bali ni wingi wa chembe?

Jibu lake lilikuwa kutengeneza dawa isiyo chumvi, isiyogawanyika. Iodini 3, chembe 1. Alizungukia kampuni za dawa na milango ikafungwa, hadi Nyegaard ya Oslo, Norway, ilipokubali mwaka 1968. Mwaka uliofuata alichapisha wazo lake.

Hapo ndipo shida halisi ilipoanza. Ukiiondolea molekuli chaji ili isigawanyike, umeiondolea pia kile kinachoifanya ipende maji. Inagoma kuyeyuka. Na hapa hatuzungumzii kijiko kimoja kwenye ndoo. Mililita 1 ya dawa ya aina hii inayotumika leo inaweza kubeba zaidi ya miligramu 600, yaani zaidi ya nusu gramu. Sukari ikiwa nyingi hivyo kwenye chai, hiyo siyo chai tena.

Dawa yao ya kwanza, metrizamidi, ya miaka ya 1970, ililitatua hilo kwa kubandikwa kipande cha sukari kinachoshika maji. Iliyeyuka, na maumivu yakapungua. Lakini kipande hicho hakikuvumilia joto. Dawa ya sindano inatakiwa kuchemshwa kwa mvuke wa nguvu ikiwa ndani ya chupa ili kuua vijidudu, na metrizamidi ikichemshwa hivyo inaharibika. Ikabidi iuzwe kama unga, mhudumu auchanganye na maji pale pale. Unga ulikuwa ghali, na kila kuchanganya ni nafasi ya kukosea.

Miaka kadhaa baadaye wakaja na ioheksoli, iliyoingia sokoni mwaka 1982. Safari hii sukari ilitolewa, na molekuli ikazungushiwa vikundi 6 vidogo vya kushika maji, kama mikono. Inayeyuka, inachemshwa, inakaa ndani ya chupa ikiwa tayari. Kipimo cha chembe kilishuka hadi karibu 670 kwa dawa yenye miligramu 300 za iodini kwa mililita. Bado ni mara mbili ya damu na kidogo, ndiyo maana joto bado unalisikia.

Je, ilisaidia kweli? Utafiti mkubwa wa Japani uliochapishwa mwaka 1990, wenye wagonjwa zaidi ya 330,000, ulikuta madhara kwa karibu watu 13 kati ya 100 kwa dawa za zamani, na 3 kwa mpya. Madhara makali yalikuwa watu 22 kati ya 10,000 dhidi ya 4. Leo ioheksoli ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Ulinzi wake haujaisha, lakini. Mwanga unaweza kuing'oa iodini kutoka kwenye molekuli, kwa hiyo chupa zinakaa mbali na jua. Ndani yake kuna kiasi kidogo cha kitu kinachokamata mabaki ya metali, maana nayo yanaharakisha uharibifu huo. Na dawa ni nzito kama sharubati. Ukiona imepashwa hadi nyuzi 37 kabla ya kudungwa, usishangae: ile kali zaidi, uzito wake unapungua karibu nusu ikitoka nyuzi 20.

Siku yako ikifika, mwambie mhudumu kama una tatizo la figo au la tezi ya shingo, kama unatumia metformini, au kama dawa hii iliwahi kukuletea shida. Samaki na kamba wanaokuwasha hawana uhusiano wa pekee na dawa hii, ingawa habari hiyo inazunguka sana.

Kuna rangi nyingine ambayo bado imekwama kwenye unga. Ni ile ya kijani, indosianini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1959, ambayo madaktari wanaitumia kuona mishipa ya nyuma ya jicho au kujua kama utumbo unapata damu wakati wa upasuaji. Haitaki maji ya chumvi, inajikusanya mabonge. Inayeyushwa kwa maji safi ya sindano tu, na saa 6 zikipita, kilichobaki kwenye kichupa kinamwagwa.