Kompyuta Dhahania Inapokataa Kuamka

Kompyuta dhahania ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Prosesa za Intel tangu 2005, na za AMD tangu 2006, zimewezeshwa kuisaidia kazi hiyo. Mfumo wake wa uendeshaji ukikataa kuamka, wengi hukimbilia kuuweka upya, na huenda wakafuta kazi yote iliyomo diskini. Ni heri kwanza kuinakili diski, kisha kuchunguza pale uamkaji ulipokomea.

Kompyuta hiyo isipoanza kabisa, yamkini msaada wa prosesa umezimwa katika mipangilio ya kompyuta halisi. Ikianza lakini isipate mfumo wa kuamsha, yamkini mfumo uliwekwa kwa BIOS na sasa unaamshwa kwa UEFI, au kinyume chake. Basi na irudishiwe njia ya awali. Hatimaye, mfumo ukianza kupakiwa kisha Windows ikatoa kosa 0x7B, au Linux isione diski yake kuu, mara nyingi imekosekana draiva ya diski, kama vile virtio. Hapo diski hurejeshwa katika aina ya kwanza, mathalani SATA, mpaka draiva iwekwe.

Kwa hivyo, mahali ilipokwama ndipo panapoonyesha chanzo.