Picha Imehama Tena: Kweli na Si Kweli Kuhusu Picha Ndani ya Word

Msimu wa kukabidhi ripoti ukifika, steshenari zilizo jirani na vyuo hujaa wanafunzi wenye lalamiko moja: picha imehama. Jana ilikuwa chini ya kichwa cha sura ya tatu, leo imekalia jedwali la sura ya nne na kuficha tarakimu. Anayehudumia anaisukuma kwa mausi, anabonyeza Enter mara kadhaa, kisha anaprinti haraka kabla haijahama tena. Mwanafunzi analipia kurasa zilezile mara mbili. Inauma, kwa sababu Microsoft Word haihamishi picha ovyo. Ina kanuni zake, tena chache. Kinachotuponza ni imani tulizorithishana tukiwa tumeinamia kompyuta za wenzetu.

"Picha inakaa pale nilipoiweka kwenye karatasi."

Si kweli, na imani hii ndiyo inayozaa nyingine karibu zote. Ndani ya Word, picha haishikamani na karatasi. Inashikamana na maandishi, kwa njia mbili.

Njia ya kwanza, picha inakaa ndani ya mstari kama herufi moja kubwa. Ukiandika neno kabla yake, inasogea. Ukiipeleka aya katikati, nayo inakwenda katikati. Hivi ndivyo picha inavyoingia kwa kawaida ikiwa hakuna aliyebadilisha mipangilio.

Njia ya pili, picha inaelea: maandishi yanaizunguka, au yanapita juu yake, au yenyewe inayafunika. Hapo unaweza kuiburuta popote ukurasani, na ndipo wengi hudhani imekuwa huru. Haijawa huru hata kidogo. Imefungwa nanga kwenye aya fulani, na picha lazima iwe ukurasa mmoja na aya hiyo. Ongeza mistari kumi kwenye utangulizi, aya yenye nanga ikasukumwa ukurasa unaofuata, na picha itaondoka nayo.

Nanga yenyewe inaonekana. Bofya picha inayoelea, kisha tazama ukingoni mwa aya zilizo karibu nayo: kuna alama ndogo ya nanga. Usipoiona, washa alama za aya kwa Ctrl+Shift+8. Mara nyingi utaikuta imeng'ang'ania aya isiyohusiana kabisa na picha, kwa sababu mtu aliiburuta picha bila kujali inatua wapi. Ikamate nanga kwa mausi uivute hadi kwenye aya inayoizungumzia picha hiyo. Kazi ya sekunde chache, na sehemu kubwa ya vurugu inakwisha.

Niwatendee haki wanaotumia LibreOffice Writer: huko lipo chaguo la kufunga picha kwenye ukurasa wenyewe, maandishi yaende yatakako. Word haina chaguo hilo.

"Nikichagua picha isisogee na maandishi, haitasogea."

Nusu kweli. Ukibofya picha, kitufe kidogo hujitokeza pembeni yake, na ndani yake yamo machaguo mawili: picha isogee pamoja na maandishi, au ibaki mahali pake ukurasani. La pili linalinda umbali wake kutoka ukingo wa juu na wa kushoto. Halilindi ukurasa. Aya yenye nanga ikihamia ukurasa wa 7, picha itakwenda ukurasa wa 7 na kukaa kwenye kona ileile. Wengi huchagua hilo wakidhani wamepigilia msumari, kisha hushangaa.

"Nilifuta aya tu, picha sikuigusa."

Si kweli. Ukifuta aya nzima pamoja na alama yake ya mwisho, umefuta na kila kilichofungwa nanga hapo, hata kama picha ilionekana iko mbali, chini ya ukurasa. Ctrl+Z itairudisha. Safari nyingine hamisha nanga kwanza, ndipo ufute.

"Picha iliyotokea kama utepe mwembamba imeharibika."

Si kweli. Aya hiyo imewekewa nafasi kamili kati ya mistari, tuseme pointi 12, na picha iliyo ndani ya mstari inaonekana kwa kimo hicho tu. Rudisha nafasi ya aya hiyo iwe ya kawaida, picha itafunguka yote.

"Picha mbili sambamba zinapangwa kwa kubonyeza nafasi na Enter."

Si kweli, ingawa karibu kila ripoti ninayoisoma imepangwa hivyo. Nafasi na Enter ni maandishi. Ukibadilisha fonti, zinabadilika upana na kimo, na picha zinaachana. Tumia jedwali lenye safu wima mbili: juu picha, chini maelezo yake. Kabla ya kuingiza picha, fungua mipangilio ya jedwali na uzime kule kujitanua kwake kufuata kilichomo, la sivyo picha kubwa itaimeza safu ya jirani. Ukimaliza ondoa mistari ya jedwali. Kwa mfano, picha ya kisima kabla ya ukarabati na ile ya baada ya ukarabati zitakaa bega kwa bega, na maelezo ya kila moja hayatapotea njia.

"Nikikata sehemu ya picha, sehemu hiyo imeondoka."

Si kweli, na hapa nawasihi wasomaji wawe makini. Ukipunguza kingo za picha ndani ya Word, sehemu uliyokata inafichwa tu. Mtu aweza kupiga picha kitambulisho chake, akakiingiza kwenye barua ya maombi, akakata namba na tarehe ya kuzaliwa abaki na sura peke yake, kisha akatuma faili. Anayelipokea akibofya picha na kuvuta kingo zake, namba inarudi hadharani. Ili sehemu hiyo iondoke kweli, bofya picha, nenda kwenye amri ya kubana picha, weka alama kwenye chaguo la kufuta maeneo yaliyokatwa, kisha hifadhi faili upya.

Ukitaka kujionea kilichomo, tengeneza nakala ya faili la docx na ubadilishe mwisho wa jina lake uwe zip. Lifungue, ingia folda ya word, kisha media. Picha zako zote zimo humo, moja moja.

"Ikionekana safi kwenye skrini, itatoka safi kwenye karatasi."

Si kweli. Piga hesabu. Picha yenye upana wa pikseli 600, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi, inatosha inchi 2, yaani sentimita 5 na kidogo. Ukiinyoosha ijaze sentimita 15, kila inchi inabaki na pikseli kama 100 tu, na ukungu utauona. WhatsApp hupunguza ubora wa picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida, kwa hiyo mwombe mwenzako akutumie kama dokumenti.

"Ikikaa vizuri kwenye kompyuta yangu, itakaa vizuri kwingine."

Si kweli. Kompyuta nyingine isipokuwa na fonti yako itaweka mbadala, mistari itavunjika kwingine, aya zitahama na nanga zitazifuata. Peleka PDF.

"Picha inayoelea ndiyo ya kitaalamu."

Si kweli. Kwa tangazo au jarida, sawa, ielee. Kwa ripoti, tasnifu au muhtasari wa mkutano, iweke ndani ya mstari, kwenye aya yake peke yake, kisha iamuru aya hiyo ibaki pamoja na inayofuata ili picha isitengane na maelezo yake.

Ipo sababu nyingine, na kwangu ndiyo nzito zaidi. Wapo wasomaji wasioona, wanaosomewa dokumenti na programu kama NVDA au JAWS. Programu hizo hufuata mtiririko wa maandishi, na picha inayoelea inaweza kuwapita bila wao kujua ilikuwepo. Kikaguzi cha ufikivu cha Word chenyewe hutoa onyo kikikuta picha isiyo ndani ya mstari. Lakini kuiweka mstarini hakutoshi. Picha inahitaji maelezo mbadala. Bofya kitufe cha kulia, chagua maelezo mbadala, uandike kile ambacho mwenye macho anakipata kwa kuitazama. "Grafu" haimsaidii mtu. Andika: "Grafu ya mistari: mahudhurio ya kliniki yanapanda kuanzia Januari, yanafika kilele Aprili, kisha yanashuka hadi Juni."