Uzani wa Mtoto: Usimpime kwa Kipimo cha Mtu Mzima

WAZAZI wengi humtazama mtoto kwa macho tu na kutoa hukumu. Akiwa na mashavu manene, husemwa ana afya. Akiwa mwembamba, husemwa ni mgonjwa. Hapa Cheptiret, kando ya barabara kuu ya Eldoret kwenda Nakuru, wapo hata wanaojifariji kwamba wembamba huo ni wa mbio na mtoto atakuwa mwanariadha. Ndugu msomaji, macho hudanganya.

Njia iliyo bora ni kulinganisha uzani na kimo. Kipimo hicho huitwa BMI. Chukua uzani kwa kilo, ugawe kwa kimo kwa mita, kisha ugawe tena kwa kimo hicho hicho. Mtoto wa miaka minne mwenye kilo 16 na kimo cha mita 1.02 hupata takriban 15.4.

Hapo ndipo wengi hushtuka, kwa kuwa mtu mzima aliye chini ya 18.5 huhesabiwa amekonda. Lakini kwa mtoto huyu, 15.4 ni sawa kabisa. Akifika 19, uzani wake umezidi, ingawa mamake angekuwa na 19 hiyo hiyo asingekuwa na tatizo.

Sababu ni kwamba mwili wa mtoto hubadilika. Hunenepa miezi ya kwanza, kisha hupungua unene anapotembea na kurefuka, hadi miaka mitano au sita hivi, ndipo BMI huanza kupanda tena. Kwa hiyo hesabu yake husomwa kwenye chati ya umri wake, ya wavulana au ya wasichana. Shirika la Afya Duniani lilitoa chati hizo mwaka 2006 kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Hata hivyo, BMI huficha jambo moja. Mtoto aliyedumaa ni mfupi na pia mwepesi, hivyo hesabu yake yaweza kuonekana nzuri. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Waliokonda kwa kimo chao walikuwa asilimia 5, na waliozidi uzani asilimia 3.

Basi ufanye nini? Nenda kliniki na kijitabu cha mama na mtoto, hata baada ya chanjo kwisha. Omba apimwe kimo pia, bila viatu. Aliye chini ya miaka miwili hupimwa amelala. Tazama mwelekeo wa mstari kwenye chati, si nambari ya siku moja. Mstari ukilala au kushuka, uliza sababu. Miguu yote miwili ikivimba, mkimbize hospitalini siku hiyo hiyo.

Na mtoto aliyezidi uzani asinyimwe chakula. Mpunguzie soda na chipsi, umpe maharagwe, mayai, mboga na matunda, kisha umwache acheze.